Almasi Wangu Ameanguka

Jumamosi, tarehe kumi na sita Novemba, mwaka juzi, saa tisa na nusu hivi za mchana, nilipoteza jiwe dogo la rangi ya kahawia, ukubwa wake kama punje ya mtama, na pamoja nalo nikapoteza heshima yangu yote mbele ya watu katika kiwanda chetu cha kahawa hapa Karurumo. Jiwe nitalieleza. Aibu haina haja ya maelezo mengi, kwa sababu hata leo nikipita sokoni na kikapu changu lazima mtu mmoja aulize, "Mama Almasi, mtoto hajambo?" na mimi nacheka pamoja nao, maana nitafanya nini.

Mume wangu Nyaga alikuwa amekufa mwezi wa tatu mwaka huo huo. Alikuwa mtu wa Kiambere, kule chini kwenye joto, na kazi aliyoifanya maisha yake yote ilikuwa ya mashine za kuchimba visima, kutoboa mwamba siku baada ya siku mpaka maji yatoke, na vumbi la mawe ndilo lililomwingia kifuani likakaa huko. Aliniachia binti yetu Karimi, anayesoma chuo kule Nchiru, akaniachia shamba dogo la kahawa, akaniachia na pete.

Hiyo pete Nyaga aliniletea wakati Karimi akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Alisema amepewa na mkubwa wake wa kazi, mzee mmoja ambaye mke wake aliikataa kwa sababu ya rangi ya jiwe. (Mimi mwenyewe nilipoiona sikusema asante. Nilisema, "Mbona kama kipande cha sukari nguru?" Mungu anisamehe.) Nyaga akacheka, akasema, "Hii ni almasi, mama. Ni ndugu ya zile ndogo ndogo zilizo kwenye meno ya mashine yetu. Kama huniamini, ikwaruze kwa jembe. Inaandika juu ya chuma kama kalamu." Nikasema sawa. Lakini sikuikwaruza, siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na lazima niseme ukweli kwa nini. Nyaga alikuwa mtu wa hadithi. Aliwahi kuwaambia watu kwamba alikaa juu ya mamba kando ya Tana akidhani ni gogo, akala chakula chake cha mchana chote, akainuka akaenda zake. Nilimpenda, lakini nilimjua, na niliogopa kwamba jembe litasema mume wangu ni mwongo. Kwa hiyo nikaiweka pete ndani ya mkebe wa majani chai, juu ya kabati, ikakaa huko miaka yote hiyo.

Sasa mwezi wa kumi kulikuwa na harusi Runyenjes, binti ya mwalimu jirani yetu akiolewa na kijana wa Nairobi, na mchungaji alipoinua pete tuione, jiwe lake lilikuwa la kahawia. Wanawake walioketi nyuma yangu wakaanza kunong'onezana. "Imeshika kutu?" "Hapana, ni ile ya chupa." Wifi yangu Marigu, dada yake Nyaga, ambaye alikuwa amekuja kukaa nami tangu mazishi ili anisaidie na kahawa, aliniambia kwa sauti ambayo nafikiri hata bwana harusi aliisikia, "Mama Karimi, si hiyo ni kama ile yako ya mkebe? Kumbe hizi chupa ziko nyingi!"

Karimi alipokuja nyumbani wikendi iliyofuata nikamuuliza, akacheka akanionyesha kwa simu yake. Pete, herini, mikufu, zote na mawe ya kahawia, mengine kama chai ya maziwa, mengine kama asali ya msituni, mengine meusi karibu kama kahawa iliyokaangwa. Akaniambia, "Mami, hizi ndizo watu wanataka siku hizi. Zamani zilikuwa zinadharauliwa, zinapelekwa kusaga na kutoboa mawe, sasa mabibi harusi wanazitafuta. Wanaziita chokoleti, wanaziita konyaki. Wasichana wa hosteli yetu wanasema nyeupe ni ya kizamani." Halafu akasema kwa Kiswahili cha kitabu, akinitania, "Almasi ya rangi ya kahawia." Na mimi nikalishika neno hilo almasi, nikawa nalitembeza mdomoni siku nzima nikipalilia, kama mtu anayefyonza peremende.

Basi Jumamosi ile ya tarehe kumi na sita, kabla ya kupeleka kahawa kiwandani, nilipanda kwenye stuli nikashusha mkebe. Huo ulikuwa uamuzi wangu mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu wale wanawake wa harusini waione, hiyo ndiyo kweli, nilitaka kuringa kidogo, mimi ambaye tangu mwezi wa tatu sikuwa nimetaka kitu chochote. Kidole changu kilikuwa kimekonda (sikuwa nakula vizuri), pete ikawa inacheza, kwa hiyo nikaizungushia uzi mweusi wa kushonea mpaka ikashika. Marigu aliniona akaguna. "Unapeleka chupa kutembea?"

Tulibeba magunia yetu tukashuka na njia ya mtoni. Sijui niwaelezeje hiyo safari. Jua la Novemba, mvua imeosha majani, kila mti wa kahawa umejaa matunda mekundu, na mimi natembea nikiangalia kidole changu. Ukiliweka jiwe kivulini ni la kahawia tu, la kunyamaza, kama udongo. Ukiligeuza juani linafunguka, unaona ndani kuna chumba, na ndani ya chumba kuna mtu amewasha taa. Nilikuwa namwambia Nyaga moyoni, ona, watu wamekubali rangi yako. Nilikuwa naongea na hilo jiwe, na lilikuwa linanijibu, na nilijikwaa mara mbili, na Marigu alisema niangalie njia nisije nikamfuata ndugu yake upesi.

Kiwandani unamwaga matunda yako chini kwenye turubai, unachambua mabichi na yaliyokauka, unapima, kisha unayamwaga kwenye tangi la saruji linalopeleka kwa mashine ya kumenya. Nilichambua kwa mikono miwili, polepole, nikiugeuza ule wa kushoto ili wenzangu waione pete. Hakuna aliyeiangalia. (Hilo pia lazima nilisema.) Nikapimiwa, nikamwaga. Na nilipokuwa nakung'uta gunia la mwisho juu ya tangi, nikaona kidole changu kimekuwa cheupe pale pete ilipokuwa, halafu nikaiona pete yenyewe, mara moja tu, juu ya matunda mekundu, na uzi wake mweusi umefumuka unaning'inia kama mkia, ikizunguka, ikizunguka, ikaingia kwenye mdomo wa mashine.

Fundi wa mashine alikuwa mgeni, kijana anaitwa Wafula, ametoka pande za Busia, Kiembu hakijui hata salamu. Kwa hiyo nikapiga kelele kwa Kiswahili. Na hapa ndipo msiba ulipoanza. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na mwalimu wetu wa Kiswahili alitumalizia fimbo juu ya ngeli, lakini sisi wa huku ngeli hazitukai, tunachukua inayokuja kwanza. Kama ningesema "dayamondi" kila mtu angeelewa. Lakini neno lililokuwa mdomoni mwangu siku zote hizo lilikuwa lile la Karimi, na nilikuwa nimeongea nalo njia yote kama mtu, basi likatoka kama mtu:

"Simamisha! Almasi wangu ameanguka! Almasi wangu ameingia ndani ya mashine!"

Wafula aligeuka rangi. Kule kwao, aliniambia baadaye, walikuwa na jirani mwenye watoto wawili, mmoja Almasi na mwingine Juma. Akaruka akazima injini, na kukawa na kimya ambacho sijawahi kukisikia pale kiwandani, unasikia maji tu yakipita kwenye mifereji.

"Ameingia wapi, mama?"

"Hapa! Hapa kwa mdomo!"

"Amevaa nini?"

"Uzi! Amevaa uzi mweusi!"

"Uzi peke yake?"

"Peke yake!"

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu, mtoto uchi," akasema, halafu akajitupa ndani ya tangi na viatu vyake.

Mimi wakati huo nilidhani ni mtu mwenye huruma sana. Karani akatoka na kalamu sikioni akauliza kuna nini, mtu akamwambia mtoto ameingia kwa mashine, akakimbia kufungua maji ili tangi lipungue, lakini kwa haraka akafungua lango lisilo lake, na kahawa safi ya watu ya tangu asubuhi ikateremka ikachanganyika na ile iliyokataliwa na maganda juu yake. Hakuna aliyejali. Wanawake walitupa magunia, wakaja, wakanizunguka. Mke wa mchungaji akaanza kuomba. Mzee mmoja, rafiki ya Nyaga, akavua kofia. Wote walikuwa wanalia, na mimi nilikuwa nalia katikati yao, na nilifikiri (sitasahau nilivyofikiri, kwa sababu ilikuwa kama ndoto ya asubuhi ambayo hutaki kuamshwa), nilifikiri, kumbe watu hawa wananipenda hivi. Kumbe walijua pete ya Nyaga ni nini kwangu. Hata kwenye mazishi yake hawakulia namna hii. Kitu fulani kilichokuwa kimefungwa kifuani mwangu tangu mwezi wa tatu kikalegea, nikalia vizuri kwa mara ya kwanza.

Mke wa mchungaji akanishika mabega. "Mama Karimi, huyu Almasi ni nani? Hatujawahi kumwona."

"Nilipewa na Nyaga," nikasema.

"Na Nyaga?"

"Eee. Nimemficha kwa nyumba miaka yote hii. Nilikuwa naona aibu kwa sababu ya rangi yake."

Nikaona macho yanatafutana juu ya kichwa changu. Kisha Marigu akaja akipasua watu, akajipiga mapaja, akalia kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto, "Nyaga wa mama! Ulikuwa na mtoto nje na hukuniambia! Mimi dada yako! Na wewe," akanigeukia, "ulimfungia damu yetu ndani ya nyumba? Ulikuwa unampa chakula kweli?"

"Chakula gani, Marigu?" nikauliza. "Si unajua nilikuwa namweka kwa mkebe?"

Sijui kama kuna mtu aliyepata nafasi ya kulifikiria jibu hilo, kwa sababu wakati huo huo Wafula aliinuka kutoka kwa mashine, amejaa utelezi wa kahawa tangu nywele mpaka miguu, ameinua mkono, na mkononi kuna kitu kimebanwa kikawa bapa kama mbegu ya boga. "Nimepata pete," akasema. "Labda... labda alikuwa ameivaa."

Wanawake walipiga mayowe. Mimi nikapiga la furaha. "Ndiye huyo! Almasi wangu!" Nikamnyang'anya, nikaibusu na utelezi wake wote.

Mke wa mchungaji alikuwa bado amefumba macho. Wafula ndiye aliyeuliza, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mama. Almasi ni pete?"

"Si pete, ni jiwe la pete," nikasema, na hapo nikaigeuza kuwaonyesha, nikaona pale palipokuwa na jiwe pana shimo tu, vijino vinne vimepinda, na ndani hamna kitu.

Nafikiri kama jiwe lingekuwepo wangeniua. Walivyoniona naangalia lile shimo, mmoja akaanza kucheka kwa pua, akafuata mwingine, halafu kiwanda kizima. Watu walikaa chini kwa kucheka. Yule mzee akarudisha kofia yake kichwani akasema, "Hii kofia sijawahi kumvulia jiwe." Karani alikuwa peke yake hacheki, anaangalia kahawa iliyochanganyika.

"Jiwe la rangi gani?" mtu akauliza.

"Kahawia."

"Almasi ya kahawia! Almasi ni nyeupe, mama, hata mtoto wa nasari anajua!"

"Ziko za kahawia," nikasema. "Siku hizi ndizo watu wanatafuta. Hata ya ile harusi..."

"Ni chupa," akasema Marigu. Alikuwa amejipangusa machozi na alikuwa amekasirika, na nilijua kwa nini, kwa sababu kwa dakika chache alikuwa amepata mtoto wa ndugu yake, na mtoto huyo amekuwa jiwe. "Ni chupa ya pombe. Nyaga alikudanganya, na wewe umetudanganya sisi. Ndugu yangu alikuwa mwongo tangu tukichunga mbuzi Kiambere, na mimi nilimpenda hivyo hivyo, lakini usinifanye nimlilie mara mbili kwa chupa."

Hilo ndilo lililoniumiza. Kuchekwa nimezoea. Lakini kwamba sasa watu wote wanasema Nyaga alikuwa mwongo, na yeye amelala chini ya udongo hawezi kujibu, na kitu pekee ambacho kingeweza kumjibia nimekimwaga kwa mikono yangu kwenye mashine kwa sababu ya kuringa! Miaka yote hiyo jembe lilikuwa nyuma ya mlango. Ningekwaruza mara moja tu, ningejua.

Mwenyekiti wa kiwanda alikuja, akanisikiliza, akauma midomo yake asicheke, akasema kwa vile nimeharibu kahawa ya watu nitakuja kila asubuhi kuchambua ile iliyochanganyika kwenye meza za kukaushia mpaka iishe. Nikaenda. Na si kwamba nilikataa moyoni, kwa sababu kahawa ile ndiyo niliyotaka kuipekua. Nilikuwa nasimama pale jua likitoka nyuma ya vilima vya chini, buni zimetandazwa juu ya wavu, nyeupe nyeupe kama maziwa yaliyoganda, nami napitisha vidole ndani yake huku na huku, saa inakwenda, mara nasikia kama mtu anapita nyuma yangu na buti za kazi, nageuka, ni upepo unacheza na turubai. Siku ya tatu Marigu akaja. Alisimama upande wa pili wa meza akaanza kuchambua.

Watu walikuwa wananiletea vitu. Wengine kwa mzaha, wengine, nafikiri, kwa huruma, na wengine hata hawakujua ni kwa lipi. Kipande cha chupa. Kifungo cha koti. Sukari nguru, kweli, imefungwa kwa gazeti. Mama mmoja wa kwaya aliniletea shanga ya kahawia akasema, "Si hiyo yako, lakini chukua." Na wasichana wa pale walianza kuniuliza hizo almasi zinaitwaje, konyaki ni ipi na chokoleti ni ipi, wakitazama kwa simu zao, na mmoja alisema yeye akiolewa atataka ya kahawia, asiletewe nyeupe kama barafu. Kahawa ikaisha. Jiwe sikuliona.

Niliapa mambo mawili, na nimeyashika mpaka leo. La kwanza, sitavaa tena kitu cha mapenzi ili wengine wakione. La pili, nikiwa na haraka nitapiga kelele kwa Kiembu, na asiyeelewa aulize aliyeelewa. Nilidhani hapo ndipo mambo yalipoishia.

Lakini mwezi wa kwanza, kahawa ikiwa imekwisha mashambani, Wafula alifungua mashine kuisafisha, akamtuma karani aniite. Nikaenda na Marigu. Alikuwa amelitoa bamba la chuma ambalo matunda hubanwa juu yake, ameliegemeza ukutani penye mwanga, ameliosha. "Mama Almasi, angalia," akasema, na safari hii hakuwa ananitania.

Kulikuwa na mstari. Mwembamba kuliko uzi wa kushonea, mrefu kama kiganja changu, umeingia ndani ya chuma, unang'aa, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

"Mwaka jana mwanzo wa msimu haukuwepo," akasema Wafula. "Nililisafisha mwenyewe."

Marigu akasema hata chupa inaweza. Wafula akatoka nje, akarudi na kipande cha chupa ya kahawia, akampa. Marigu akakandamiza kipande kile juu ya chuma, kando ya ule mstari, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka kikasagika ncha. Akapangusa unga kwa kidole gumba. Chini yake chuma kilikuwa laini kama kilivyokuwa.

Akaangalia kidole chake. Kisha akakiweka mwanzo wa mstari, akaufuata polepole mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akaufuata tena.

"Nyaga," akasema. "Na yule mamba je?"

Nami nikaweka kidole changu, kile kilichokonda, nikaupitia mstari wote. Chuma kilikuwa baridi. Wafula alingoja mpaka nilipomaliza, akauliza kama anaweza kulirudisha bamba mahali pake. Nikasema alirudishe.